Nichukue kozi ya kufundisha maigizo au ya filamu za kutisha?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 22, mzaliwa wa Magomeni hapa Bagamoyo, na kwa sasa nipo mwaka wa pili wa shahada ya ualimu katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, masomo yangu ya kufundishia yakiwa Kiswahili na Historia. Nimerudi nyumbani kwa likizo fupi, na tatizo langu linatakiwa liwe limepata jibu kabla usajili wa semesta ijayo haujafungwa.

Semesta hiyo nina nafasi moja tu ya kozi ya hiari, yenye krediti 12. Katika orodha tuliyopewa nimezipenda kozi mbili. Moja ni ya mbinu za kufundisha sanaa za maonyesho, na nyingine ni ya historia na uchambuzi wa filamu za kutisha. Mihadhara ya kozi zote mbili imepangwa siku moja na saa moja, kwa hiyo haiwezekani kuzichukua pamoja hata kama ningeruhusiwa kuongeza mzigo.

Nimekulia kwenye maigizo. Tangu shule ya msingi nilikuwa katika kikundi cha ngoma na michezo ya kuigiza, na Tamasha la sanaa la Bagamoyo likifika tulikuwa hatukosi. Kwa sababu hiyo wenzangu wananiambia kwamba kozi ya kufundisha maigizo kwangu itakuwa kurudia ninachokijua, nipate A ya bure bila kujifunza kitu. Ile ya filamu nayo wanasema ni ya kukaa na kula bisi. Mimi inanivutia kwa sababu nyingine: nilipokuwa darasa la tano nilitazama filamu ya mizimu kwenye banda la video, na kwa muda mrefu nikawa siwezi kulala bila taa. Ningependa kuelewa ilinifanyia nini, ingawa nakiri kwamba hata sasa nikitazama kitu cha namna hiyo usingizi hunipaa.

Mama alinisikia nikizungumza na mwenzangu kwa simu kuhusu kozi hiyo, akakasirika sana. Anasema hakunipeleka chuo nikatazame mashetani, kwamba nyumba yetu ina watoto wadogo, na kwamba picha kama hizo zikiingia ndani ya nyumba haziingii peke yake. Baba hakugomba, aliuliza tu kama bodi ya mikopo inajua inalipia nini.

Naomba unishauri nichague ipi, nikizingatia kwamba sitaki kuangukia sapu, yaani mtihani wa marudio, wala kushusha GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu. Je, filamu za kutisha ni jambo la kusomewa shahada, au ni upuuzi kama wanavyoona nyumbani? Na siku nikienda kwenye usaili wa ajira ya ualimu, kozi hiyo kwenye cheti cha matokeo haitanifanya nichekwe? Mwisho, nizungumze vipi na mama?

Binti wa Magomeni, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu, maana usajili haungoji. Semesta hii chukua kozi ya kufundisha sanaa za maonyesho, na ile ya filamu za kutisha uiombe mwaka wa tatu, isipokuwa kwa sharti moja nitakalolitaja baadaye ambalo linaweza kuugeuza ushauri huu wote. Sikuambii hivyo kwa sababu naiona kozi ya filamu kuwa duni, wala kwa sababu mama amekasirika. Nakuambia hivyo kwa sababu mwakani utasimama mbele ya darasa kwa mazoezi ya kufundisha, na kwa sababu wenzako wamekudanganya, bila shaka kwa nia njema, kuhusu kozi zote mbili.

Wamekudanganya kwanza waliposema kwamba anayejua kuigiza hana la kujifunza katika kozi ya kufundisha maigizo. Kuigiza na kufundisha kwa maigizo ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi yule aliyezoea jukwaa ndiye anayepata taabu zaidi darasani, kwa kuwa amezoea kutazamwa. Mji wetu umejaliwa kuwa na chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Tamasha unalolisema limekuwa likifanyika tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980. Mtoto aliyekulia karibu na mambo hayo hujua mapema sauti inavyopaa, mwili unavyosema, na hadhira inavyoshikwa. Ila katika yote hayo kuna mchezo ulioandaliwa, wachezaji waliotaka wenyewe kucheza, na watu waliokuja kwa hiari yao kutazama. Darasani hakuna hata kimoja cha hivyo. Kuna wanafunzi 70 waliopangwa na ratiba, madawati yaliyobanana, kipindi cha dakika 40, na mwalimu wa hesabu upande wa pili wa ukuta anayehitaji utulivu.

Nikupe mfano kutoka kwenye somo lako la Historia, ili uone kozi hiyo inafundisha nini hasa. Tuseme unafundisha Kidato cha Pili kuhusu mwaka 1888, wakati kampuni ya Kijerumani ilipokuja kushika utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na watu wa mwambao wakainuka, Abushiri bin Salim akiongoza upande wa Pangani na Bwana Heri upande wa Saadani. Unaweza kuandika sababu tano ubaoni wakanakili. Unaweza pia kuwagawa wanafunzi wawe watu wa Bagamoyo ya wakati ule: wazee wa mji, wenye maduka, wapagazi waliofika na msafara kutoka bara, makuli wa pwani. Kisha unawaambia kwamba ukivaa kofia uliyoishika wewe ni mjumbe wa kampuni, na ukiivua umerudi kuwa mwalimu wao. Unaivaa, unaingia na karatasi mkononi, unatangaza kwamba kuanzia leo ushuru wa forodha utalipwa kwa kampuni na bendera yake itapandishwa mjini, halafu unanyamaza na kuwatazama.

Kunyamaza huko ndiko kugumu. Aliyezoea jukwaa atashindwa kujizuia. Atamcheza mjumbe vizuri mno, darasa litacheka na kupiga makofi, na kipindi kitaisha wanafunzi wakiwa watazamaji kama walivyoanza. Aliyefundishwa atamcheza mjumbe kwa kiasi kidogo tu kinachotosha kuwalazimisha wao waseme. Mwenye duka atauliza kama ushuru utapanda. Mpagazi atataka kujua nani atamlipa mshahara wake wa safari. Mzee wa mji atauliza Sultani ametia saini kwa niaba ya nani. Ukiona swali kama hilo la tatu limetoka kinywani mwa mtoto wa miaka 15 ambaye jana alikuwa analala kipindi chako, utakuwa umefundisha sababu za upinzani wa pwani kuliko ubao ungeweza.

Mbinu hiyo ya mwalimu kuingia mwenyewe ndani ya uhusika iliendelezwa sana na mwalimu wa Kiingereza aliyeitwa Dorothy Heathcote, aliyefariki mwaka 2011, na ina kanuni zake. Ipo ishara ya kuanza na ishara ya kusimama, ambayo lazima darasa liizoee kabla ya jambo lolote, la sivyo jirani yako wa hesabu atakwenda kushitaki kwa mkuu wa shule na atakuwa na haki. Upo ujuzi wa kuwapa kazi wale wasichana wa nyuma wasiopenda kusema, labda kwa kuwataka watengeneze kwa miili yao taswira tuli ya watu wanaoitazama bendera ikipanda, bila kutamka neno. Upo ujuzi wa kumdhibiti yule kijana mcheshi anayetaka kila tukio liwe la kuchekesha, bila kumvunja moyo, kwa kuwa siku nyingine ndiye atakayekuokoa. Na upo ule wa kuwatoa watoto kwenye uhusika baada ya mchezo, hasa kama kuna aliyecheza dhuluma au aliyedhulumiwa, ili asitoke nalo darasani akaenda kuliendeleza uwanjani. Jukwaani hakuna aliyekufundisha hili la mwisho, kwa kuwa wachezaji wazima hutarajiwa wajitoe wenyewe.

Tena usidhani kozi hiyo itakuletea mambo ya Ulaya peke yake. Utamkuta Augusto Boal wa Brazil, ambaye katika mpango wa kisomo nchini Peru mwaka 1973 alifanya kazi na watu waliokuwa hawajui kusoma, na ambaye mbinu yake mashuhuri humruhusu mtazamaji kuusimamisha mchezo, kuingia mwenyewe na kujaribu kuubadilisha mwisho wake. Lakini utawakuta pia walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakatumia ngoma na maigizo ya wanakijiji wenyewe kuchunguza matatizo ya kijiji chao. Na ambao mwaka 1996 walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari, wasichana wakiigiza yale yanayowakwamisha katika masomo yao, tena mbele ya walimu na uongozi wa shule. Nashangaa ninapokutana na walimu vijana wa pwani wanaomjua Stanislavski, yule mwalimu wa uigizaji wa Urusi, kwa jina na tarehe lakini hawajasikia habari za Malya. Kwa binti wa Bagamoyo anayetaka kufundisha Kiswahili, hilo peke yake lingenitosha kuichagua kozi.

Na liko jambo la wakati. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ujuzi wa kazi, katika sekondari, na sanaa zimo katika mafunzo hayo. Shule zitahitaji watu wanaoweza kufundisha uigizaji kama ujuzi, wenye mpango wa somo na njia ya kumpima mwanafunzi, kwani kuchaguliwa kuongoza kikundi cha mahafali kwa sababu una sauti kubwa si ualimu wa sanaa. Kumpima mwanafunzi katika maigizo ni kugumu kuliko unavyodhani: utampa alama gani yule aliyesahau maneno yake lakini akawasaidia wenzake wanne kuyakumbuka yao? Muulize mhadhiri swali hilo wiki ya kwanza.

Sasa nije kwenye filamu za kutisha, ambako wenzako wamekudanganya kwa mara ya pili. Umesema kozi ina krediti 12. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo hiyo ni kazi ya saa 120. Hata mkitazama filamu moja ya dakika 100 kila wiki kwa wiki 15, mtakuwa mmetumia saa 25 kwenye kiti. Saa 95 zilizobaki zitakuwa za mihadhara, kusoma na kuandika, na hapo bisi hazisaidii. Wanafunzi wengi wanaoangukia sapu katika kozi za filamu huangushwa na jambo moja: wameandika muhtasari wa hadithi wakati walipotakiwa kuandika uchambuzi. Kama GPA ndiyo hofu yako, basi kozi hii haina unafuu wowote kuliko ile nyingine.

Kuhusu swali lako kama ni jambo la kusomewa, jibu ni ndiyo, na sijui kwa nini tunaona haya kulisema. Filamu za kutisha ni miongoni mwa aina kongwe za sinema, na kila kipindi zimeonyesha hofu za watu wake kuliko hotuba za viongozi wao. Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza filamu ya mnyonya damu iitwayo Nosferatu, akiiga riwaya ya Bram Stoker bila idhini. Mjane wa Stoker akashitaki, mahakama ikaamuru nakala ziangamizwe, na tunayoitazama leo ni ile iliyosalimika. Mwaka 1968 kijana wa Kimarekani, George Romero, kwa fedha kidogo na mbali na Hollywood, alitengeneza Night of the Living Dead, ambamo mtu mweusi ndiye mwenye akili na uongozi katika nyumba iliyozingirwa na wafu wanaotembea, naye anaokoka usiku kucha ila asubuhi anapigwa risasi na kundi la waokoaji. Huo ulikuwa mwaka ambao Martin Luther King aliuawa. Nusu karne baadaye, Jordan Peele alirudi kwenye hofu hiyohiyo ya mtu mweusi miongoni mwa weupe wenye tabasamu, katika Get Out ya mwaka 2017, na akapata tuzo ya Oscar ya mswada bora wa filamu. Huwezi kuyasema hayo yote kuwa ni mashetani tu.

Wewe unataka kujua filamu ile ya banda la video ilikufanyia nini. Fanya zoezi hili hata kabla ya kozi, tena mchana. Katika Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, kuna tukio la mwanamke kuchomwa kisu bafuni ambalo limechambuliwa pengine kuliko tukio lolote la sinema. Litazame mara moja likiwa na sauti, kisha litazame tena umeizima. Utagundua kwamba ni vipande vingi vifupi sana vilivyounganishwa, kwamba ni vigumu kupata hata kimoja kinachoonyesha wazi kisu kikizama mwilini, na kwamba lile lililokukunja tumbo mara ya kwanza lilikuwa kwa sehemu kubwa milio mikali ya fidla aliyoitunga Bernard Herrmann kwa ala za nyuzi pekee. Damu yenyewe ni sirupu ya chokoleti, kwa kuwa filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe na sirupu ilionekana vizuri zaidi. Nasema usidharau usingizi unaokupaa, ila huwezi kujua kitakachobaki cha hofu yako mpaka umeona imetengenezwaje.

Mwanafalsafa wa Kimarekani Noël Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya kutisha, aliuliza kwa nini tunalipa fedha kutazama kitu ambacho tungekikimbia tukikutana nacho njiani, na akaeleza kwamba zimwi la sinema hututisha na kutuvuta kwa sababu moja: linavunja makundi ambayo kwayo tunaupanga ulimwengu. Mfu anatembea, mtu ni mnyama, kitu kisicho na uhai kinakutazama. Binti wa pwani hahitaji kwenda mbali kulipima wazo hilo. Mazimwi ya hadithi za bibi zetu, ambaye mmoja ni mtu mbele ya watu lakini kisogoni ana mdomo wa pili, ni uvunjaji wa makundi huohuo. Popobawa aliyewafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje kwa makundi mwaka 1995 anaunganishwa hata kwa jina lake na popo, na si bahati mbaya kwamba wasomi wamelihusisha tukio hilo na hali ya mwaka ule, ambao ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo uliporejeshwa. Filamu za video zilizotengenezwa Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 nazo zilijaa mizimu na majini, na bado hazijaandikiwa vya kutosha kwa Kiswahili. Kama siku moja utafika shahada ya uzamili, hapo pana shamba la kulima.

Sasa sharti nililolitaja. Kozi za hiari hazifundishwi kila mwaka kwa uhakika. Mhadhiri akienda masomoni, au wanafunzi waliojisajili wakiwa wachache mno, kozi huondolewa kimyakimya. Nenda kwa mkuu wa idara, au umpigie mshauri wako wa masomo kabla hujarudi chuoni, uulize kila moja inatolewa mara ngapi. Ukiambiwa kwamba kufundisha maigizo kupo kila mwaka, tena kunaweza kuangukia semesta iliyo kabla ya mazoezi yako ya kufundisha, lakini filamu za kutisha zipo mwaka huu tu kwa sababu ya mhadhiri mgeni, basi geuza: chukua filamu sasa. Ukiambiwa zote zitakuwepo, baki na jibu langu la kwanza. Na kwa vyovyote omba mwongozo wa kozi zote mbili usome ukurasa wa tathmini kabla ya kusoma wa mada, maana jina la kozi halikuambii kama utapimwa kwa mtihani wa saa tatu, kwa insha, au kwa kufundisha somo dogo mbele ya wenzako.

Suala la usaili nitalipita upesi. Wanaokusaili watataka kujua shahada yako, masomo yako mawili ya kufundishia, na kama unaweza kusimama mbele ya darasa. Kozi moja ya hiari ni mstari mmoja kwenye karatasi ndefu. Akitokea wa kukuuliza, mweleze kwa sentensi mbili ulichojifunza kuhusu namna picha na sauti zinavyoathiri vijana, na aliyeuliza ataona amepata jibu.

Kwa mama nitakaa kidogo. Usimwambie kwamba hizo ni imani za kale. Kwanza si adabu, na pili hofu zake nyingine ni za haki. Nyumba ina watoto wadogo, na picha hizo si za watoto. Sheria yetu ya filamu na michezo ya kuigiza, ambayo ni ya mwaka 1976 na ndiyo iliyoiweka Bodi ya Filamu, imejengwa juu ya wazo hilohilo la mama yako, kwamba kuna cha kuonyeshwa kila mtu na kuna kisichofaa kuonyeshwa kila mtu. Vilevile ana haki ya kuhofia usingizi wako, kwa kuwa ndiye aliyekesha na wewe ulipokuwa darasa la tano. Kuhusu yale mengine anayosema huingia pamoja na picha, hayo si mambo ya safu hii na sitajitia kuyatolea hukumu; mwachie nafasi yake.

Keti naye mchana, mkiwa jikoni au mnapochambua mchele, si wakati baba yupo akisikiliza habari na kila mtu amechoka. Mwambie wazi kwamba semesta hii unachukua ya kufundisha maigizo, naye atashusha pumzi. Kisha mwambie pia, palepale, kwamba unakusudia kuisoma ile ya filamu baadaye, kwamba utazitazama filamu hizo chuoni, kwamba hakuna itakayofunguliwa kwenye televisheni ya sebuleni wala kwenye simu ambayo wadogo zako huichezea, na kwamba ukiona zinakudhuru utaacha. Usimfiche halafu akaja kusikia kwa jirani. Akiuliza mnachokisoma humo ni nini hasa, msimulie kesi ya mjane wa Stoker au habari ya yule mtu mweusi aliyeokoka usiku akauawa asubuhi, na umwombe naye akusimulie zimwi la utotoni kwake. Baba mwambie bodi ya mikopo inalipia krediti 12 kama inavyolipia nyingine zote.

Lipo na la kwako mwenyewe. Siku utakapojisajili katika kozi ya filamu, mwandikie mhadhiri wiki ya kwanza kwamba kuna aina ya picha zinazokukosesha usingizi, uombe orodha ya filamu zote mapema, na uulize kama inaruhusiwa kubadilishiwa moja au mbili. Kumtaarifu hivyo si dalili ya udhaifu, na mhadhiri anayefahamu kazi yake hataona ajabu. Pendelea kutazama mchana, ukiwa na mwenzako, ukiwa na kalamu mkononi. Mtu anayehesabu vipande vya tukio na kuandika sauti inaanzia wapi huogopa kidogo kuliko anayetazama mikono ikiwa mitupu.

Wakati huohuo, mihadhara ya kozi hizo inagongana lakini huenda vipindi vya kutazama filamu vimewekwa jioni ya siku nyingine, kama ilivyo desturi katika kozi nyingi za namna hii. Ukishajisajili kwenye maigizo, mwombe mhadhiri wa filamu akuruhusu kuhudhuria vipindi hivyo bila alama, na akupe orodha ya vitabu. Akikubali, utafika mwaka wa tatu ukiwa umeshatazama nusu ya kazi. Akikataa, ile ya Romero ya mwaka 1968 haina hakimiliki nchini Marekani, kwa sababu msambazaji alisahau kuweka tangazo la hakimiliki alipobadilisha jina la filamu, na ndiyo maana inapatikana bure kwenye intaneti bila kumwibia mtu. Anza na hiyo.

Mwalimu